Alhamdu Nyuma ya Ukuta

Tamanredjo, Commewijne
17 Septemba 1967

Mdogo wangu Wartini,

Nakusalimu wewe, mumeo Dasuki na mwanao Harsono. Huku tupo. Baba ni mzima kwa umri wake. Macho ndiyo yamekwisha, sasa anamtambua mtu kwa namna miguu inavyogonga mbao za baraza. Mwezi uliopita meno yake mawili ya mwisho yaling'oka, na tempe ya soya namkatia vipande vidogo kama chakula cha vifaranga. Kiangazi ni kikali, maji ya mfereji yameshuka mpaka mashua ya Sadimin ya kwendea mjini inakwama kwenye tope. Mpunga nimevuna peke yangu. Mwaka wa tatu huu tangu nimzike Samijo wangu, na bado nikifika mwisho wa mstari nageuka kumtazama kama amenifikia.

Kitambaa ulichonitumia kimefika. Ni kizuri. Nimekiweka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miaka miwili iliyopita nilikupa mwanangu Tuminah akae kwako asome shule ya mjini. Nilikupa akasome Kiholanzi na hesabu. Sikumbuki kukupa mengine.

Wiki iliyopita tulifanya karamu ya kumwombea mama yetu, kama kila mwaka. Wali niliupika mimi, kuku nilichinjisha watatu, ubani niliufukiza mimi. Majirani wakaja. Wakati wa sala ya magharibi ulipoingia, Baba akasimama mbele kuwasalisha, akaelekea magharibi kama alivyoelekea tangu alipokuwa mtoto Java, kabla ya meli kumleta huku, na watu wote nyuma yake. Mwanangu naye akatandika mswala wake pembeni, karibu na mlango wa jikoni, akaelekea mashariki. Chumba chetu unakijua kilivyo kidogo. Akawa ametazamana na babu yake uso kwa uso, kama watu wanaogombea kiti! Bi Paikem, yule mwuza karanga, alicheka mpaka akatoka nje. Siku ya pili sokoni watu wananiuliza, "Ngatinah, kwani mwanao kakosana na mzee?"

Nilimuuliza mtoto nani kamfundisha hivyo. Akanijibu, "Mama mdogo anasema kutoka Java Makka iko magharibi, lakini kutoka hapa iko mashariki, Mama. Baba mdogo ametuonyesha kwenye ramani." Kila kitu siku hizi ni mama mdogo anasema. Mama mdogo anasema ubani si dini. Mama mdogo anasema usikunje mswala hivi, ukunje hivi. Hata akikohoa anakohoa kama wewe.

Mwambie Dasuki ramani yake aitundike kwake. Kwangu kuna mzee.

Dada yako,
Ngatinah

*

Paramaribo
9 Oktoba 1967

Dada yangu mpenzi,

Assalaamu alaikum wa rahmatullah. Twamshukuru Mwenyezi Mungu, sote tu wazima. Dasuki ana kazi nyingi za kushona sare za shule, cherehani hailali. Harsono amerefuka, amempita baba yake kwa kichwa kizima, na yuko uwanja wa mpira zaidi ya alivyo nyumbani. Nisalimie Baba, umbusu mikono. Mwambie namtumia dawa ya kikohozi kwa mkono wa Sadimin.

Nimesikitika kwamba ulipata aibu mbele ya majirani. Tuminah nimemwambia nyumbani kwa wazee mtu huwa na busara. Lakini dada, kuna jambo katika barua yako hukuliandika. Mtoto alirudi kwangu na kiwiko kimechubuka. Nilipomuuliza akasema ameanguka gatini. Wiki mbili baadaye wakati wa kufua niliona mswala wake umechanika pembe moja, na hapo nikaelewa kwamba mtu aliuvuta naye akiwa juu yake. Mtoto hajakutaja mpaka leo. Angalau ungeniambia wewe.

Na hilo la kwamba hukunipa ufundishaji wa dini, ni kweli hukunipa. Lakini mtoto aliuliza. Wiki ya kwanza tu alikuja jikoni akaniambia, "Mama mdogo, wenzangu shuleni wananiuliza mimi ni Mwislamu, nami nasema ndiyo, wakiniambia nisome chochote sijui." Ningemjibu nini? Kwamba angoje? Dada, alikuja kwangu ana miaka kumi na miwili hajui Alhamdu. Alhamdu, ambayo kwetu tulijifunza kabla meno hayajaisha kuota. Sisemi haya kukuumiza. Nasema ili ujue kwamba sikumgeuza mtoto aliyekuwa ameelekea mahali. Nilimkuta amesimama tu.

Mdogo wako akupendaye,
Wartini

*

Tamanredjo
11 Januari 1968

Wartini,

Salamu zenu nimezipata. Baba alianza kufunga Ramadhani hii siku tatu, ya nne nikamkataza. Alinuna mpaka Idi. Mvua zimerudi, paa la jikoni linavuja. Nguruwe wa jirani Mchina wamevunja ua tena.

Hukupata barua yangu miezi mitatu kwa sababu sikuandika.

Umesema nisichosema, na mimi niseme. Ndiyo, niliuvuta ule mswala. Mkono ulitangulia. Aliponyanyuka hakulia, alinitazama tu, akauokota, akautandika tena palepale, upande uleule. Hilo hakukwambia. Nilikuwa radhi anitukane kuliko kuniangalia vile.

Idi nilimngojea. Nilipika saoto, ile supu ya kuku, jinsi anavyopenda, na viazi vya kukaanga vyembamba, na yai. Nikakaa gatini tangu asubuhi. Sadimin akafunga mashua, akashusha magunia, akashusha abiria, akaniambia, "Hayumo, dada." Karatasi uliyompa inasema mtoto ana masomo ya ziada. Saoto waliila Baba na Bi Paikem.

Kumbe masomo! Bi Paikem ana mpwa wake hapo mjini, na mpwa kamletea picha. Iko mbele yangu ninapoandika. Wasichana saba wamevaa nyeupe mbele ya msikiti wenu, wamehitimu Kurani, na mwanangu wa tatu kutoka kushoto, ameshika msahafu kifuani. Wewe umesimama nyuma yake, mkono wako uko begani mwake. Mpwa anasema walipoita majina, walimwita "Tuminah, binti wa Dasuki na Wartini," na wewe ukapanda jukwaani ukapokea ua.

Mwanangu amehitimu Kurani nzima, na mimi nimeambiwa na mwuza karanga.

Mwaliko wangu uko wapi, Wartini? Mtoto ana mama. Ana na baba, yuko makaburini chini ya mnazi, jina lake Samijo. Mwezi huu ukiisha mlete Tuminah arudi nyumbani. Shule ipo na huku. Mpunga upo.

Ngatinah

*

Paramaribo
4 Februari 1968

Dada yangu,

Assalaamu alaikum. Naomba Mungu ikukute salama, wewe na Baba. Mguu wangu wa kushoto umevimba tena, daktari anasema nipunguze chumvi. Dasuki anakusalimu.

Nimelia niliposoma. Dada, mwaliko niliandika. Niliuandika kwa mkono wangu wiki mbili kabla ya sherehe, nikampa yule kijana anayefanya kazi mashuani kwa Sadimin. Bila shaka uliangukia mtoni, au aliusahau mfukoni. Wajua vijana. Na huyo aliyekuwa anaita majina alisoma kwenye orodha ya msikiti, na mtoto ameandikwa kwetu kwa sababu anaishi kwetu. Ningefanyaje, nisimame katikati ya watu nianze kueleza?

Kumrudisha sasa siwezi. Ana mtihani mwezi wa Juni. Mwalimu wake anasema ni wa pili darasani. Ukimtoa sasa unamkata mguu.

Tena nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wewe unaona nimekuchukulia kitu, unafikiri nyumba yangu imejaa. Jana alasiri Dasuki alimwambia Harsono, "Vaa kanzu twende msikitini." Harsono alikuwa anasafisha viatu vya mpira. Hata kichwa hakuinua. Akasema, "Nenda na Tuminah. Si ndiye mtoto wako?" Dasuki akasimama mlangoni na kofia mkononi, halafu akaenda peke yake.

Huyo nimemzaa mimi. Nilimsomea Kurani tangu yumo tumboni. Alijua Alhamdu ana miaka minne, Yasini ana miaka tisa. Nilimfundisha kila kitu, na leo hasali, hafungi, anasema atakwenda Uholanzi akacheze mpira na hatarudi kwenye nchi ya wapumbavu. Mtoto wako hukumfundisha hata herufi moja, na alfajiri anaamka kabla sijamgusa. Unafikiri mimi linaniachaje hilo, dada?

Wako,
Wartini

*

Tamanredjo
20 Machi 1968

Wartini,

Pole na mguu. Majani ya mlonge yachemshe, uloweke.

Nilimwuliza Sadimin. Nilimwita ndani, nikampa kahawa, nikamwuliza mbele ya Baba. Akasema hajawahi kuajiri kijana, anaendesha mashua peke yake tangu mwaka juzi mwanawe alipooa. Basi sikuuliza tena. Barua haikuangukia mtoni.

Nimekaa na hilo wiki nne. Siku ya kwanza nilitaka kuja mjini nikusimamishe barazani kwako watu wasikie. Siku ya pili nilitaka kutokuandikia tena maisha yangu yote. Halafu nikaanza kukumbuka mambo, na nitayaandika hapa, kwa sababu nina miaka arobaini na saba na sijawahi kumwambia mtu.

Uliandika, "Alhamdu, ambayo kwetu tulijifunza kabla meno hayajaisha kuota." Nani walijifunza, Wartini? Wewe ulijifunza.

Mama alipokufa wewe ulikuwa huna hata mwaka. Nilikuwa na miaka minane. Nilikubeba mgongoni mpaka nikapinda, Bi Paikem atakwambia. Nilipika, nilifua, nilichota maji mferejini. Wakati huo Baba alikuwa bado na mkataba wa shamba, anarudi amekufa kwa uchovu, hana nafasi ya kumfundisha mtu chochote. Mkataba ulipokwisha wewe ulikuwa na miaka sita. Ndipo alipopata jioni zake. Akawa anakupakata barazani, anakusomesha. Mimi nilikuwa jikoni. Ukuta ulikuwa wa mianzi, unaukumbuka. Yeye anasema neno, wewe unalirudia, na mimi nyuma ya ukuta nalirudia kwa midomo tu, bila sauti, huku napepea moto. Nilikuwa nikijiambia, ngoja, akimaliza na mdogo ataniita.

Hakuniita. Nilikuwa nimefika nusu ya Alhamdu, kwenye "Mwenye siku ya malipo," aliponitafutia kazi ya kuchagua kahawa kule kiwandani. Tukawa tunatoka jioni, nikifika nyumbani mmeshamaliza. Nusu nyingine sikuisikia kamwe. Kuandika alinifundisha Samijo baada ya kuoana, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ubani kama mimi, hakuwa na sura za kunipa. Na Baba niliona haya kumwomba. Msichana, halafu mke, halafu mama, bado namwomba baba yangu anifundishe kitu cha watoto?

Kwa hiyo mtoto wangu alikuja kwako hajui Alhamdu kwa sababu mama yake hajui. Najua nusu. Ningemfundisha nusu? Nilimfundisha nilichonacho: asiruke wali uliomwagika, asiseme uongo, aweke maji dirishani kwa ajili ya bibi yake, ashukuru. Nilidhani hiyo ni dini.

Kwanza ulinichukulia Baba, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa mtoto. Sasa umenichukulia mwana.

Baba hali. Tangu Jumamosi anakunywa maji ya wali tu. Amemtaja Tuminah mara tatu. Wewe hajakutaja, na mimi niko mbele yake, hana haja ya kunitaja.

Ngatinah

*

Paramaribo
28 Machi 1968

Dada Ngatinah,

Barua hii anakuletea Tuminah mwenyewe. Atakuwa amesimama mbele yako unapoisoma. Mpe chakula kwanza, maana mashuani huwa hali.

Mwaliko ulikuwa kwenye kabati, chini ya vitambaa vya Dasuki. Nimeukunja nimempa mtoto akuletee, umefungwa, hajui kilichomo. Uone tarehe. Niliuandika kweli, nikafunga bahasha, nikaandika jina lako. Asubuhi ya kumpa Sadimin nikauweka kwenye kabati, nikajiambia nitampa safari ijayo. Safari ijayo nikajiambia hivyohivyo. Hakuna kijana. Nisamehe kwa kijana.

Nitakwambia kwa nini, na unifikirie utakavyo. Chumba cha Tuminah kiko karibu na chetu. Kila alfajiri akimaliza kusali namsikia anaomba dua. Anaomba kwa sauti ndogo, lakini nyumba yangu nayo ina kuta nyembamba. Anasema, "Mola wangu, mlinde Mama yangu Ngatinah, umtie nguvu mikononi, umwondolee upweke." Kisha babu yake. Kisha baba yake aliyekufa. Kisha anasema amina. Miaka miwili na nusu, dada, nimelala nikisikiliza, nimempikia, nimemfulia, nimemfundisha kila neno la Kiarabu analolitumia kuombea, na sijawahi kusikia jina langu. Mara moja tu, nilipokuwa na homa.

Na glasi yako ya maji ipo dirishani kwangu. Dasuki alimwambia aiondoe, si dini. Akamjibu, "Ni ya Bibi, Baba mdogo. Mama huweka." Akaiweka tena. Kwa hiyo usiniambie nimekuchukulia mtoto. Nilijaribu. Nitakuandikia hilo lilivyo: nilijaribu, hakuchukulika. Siku ile ya sherehe nilitaka mara moja tu watu waseme ni wangu. Walipoita jina nilihisi kama nimepaa. Niliposhuka na lile ua, mtoto akaninong'oneza, "Mama mdogo, wamekosea jina, tuwaambie?" Nikamwambia, baadaye. Akaniangalia. Wewe unajua anavyoangalia.

Sikujua ulikuwa unasikiliza nyuma ya ukuta. Naapa sikujua. Nilidhani unapika.

Ningekuja na mimi, lakini mguu umenifunga kitandani. Mtihani tutazungumza na mwalimu. Mwambie Baba… Sijui. Mwambie chochote.

Wartini

*

Tamanredjo
2 Juni 1968

Mdogo wangu Wartini,

Nakusalimu. Nimepata nafuu ya kifua. Mahindi ya Bi Paikem yameota, yangu yameliwa na ndege. Telegramu yako ya rambirambi ilifika siku ya saba ya msiba, tulikuwa tunapika. Nilipokuandikia kwamba Baba amefariki sikuwa na maneno zaidi ya yale mawili. Sasa nina nafasi, nitakwambia ilivyokuwa.

Mtoto alipofika nilisoma barua yako gatini, nimesimama, mvua inaninyeshea. Bahasha ya mwaliko sijaifungua mpaka leo. Iache.

Tuminah aliingia kwa babu yake, akakaa sakafuni karibu na kichwa. Baba akasema, "Nani huyo?"

"Tuminah, Babu."

"Yule anayesali akinitazama?"

Mimi nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini Baba alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha bila meno. Akasema, "Miaka hamsini nasalisha, sauti zote nazisikia nyuma ya mgongo. Siku ile nikasikia moja inanijia usoni. Nikasema, lo, leo kuna mtu amekuja kunipokea." Yaani hakuudhika hata kidogo! Mimi ndiye niliyeudhika kwa niaba yake.

Tangu siku hiyo ikawa mtoto anamsomea kila alasiri. Majani ya mkeka yameacha alama kwenye miguu yake kwa kukaa. Wiki ya tano, siku ya Jumatano, Baba alipumua vibaya tangu asubuhi. Tuminah akamwuliza, "Babu, nikugeuzie upande gani?" Nami nikakaza meno nikingoja ubishi. Baba akasema, "Nigeuzie dirishani, huku kuna joto." Tukamgeuzia dirishani. Mtoto akaanza Yasini.

Katikati Baba akainua kidole, mtoto akanyamaza. Akaniambia, "Ngatinah, nawe nisomee. Alhamdu tu, inatosha."

Wartini, nilikuwa nimeshika bakuli. Ningeweza kusema nina kifua. Ningeweza kusema mtoto anasoma vizuri zaidi. Nikasema, "Siijui, Baba. Hukunifundisha."

Akanigeuzia macho yake yasiyoona. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa jikoni."

"Ndiyo, Baba. Nilikuwa jikoni."

"Sasa unafikiri nilikuwa napiga kelele zile kwa ajili ya nani? Mdogo wako alikuwa amekaa pajani pangu."

Nikaweka bakuli chini. Akasema tena, kwa shida, kwamba alimwahidi mama yetu atatusomesha wawili, na kwamba moto ulipaswa kupepewa na hakukuwa na mtu mwingine, na kwamba alidhani nimeshika. "Ulikuwa mtoto mwepesi," akasema. "Nilidhani umeshika." Nikamwambia nilishika nusu. Nikamsomea hiyo nusu. Nilipofika nilipoishia, Tuminah akamalizia bila mtu kumwambia. Baba alikata roho alasiri hiyo, mvua inapiga bati, mkono mmoja nimeushika mimi na mwingine mtoto.

Wanaume walimzika akielekea magharibi, kama wenzake wote pale. Tuminah hakubisha. Alisali palepale nilipomkuta siku ile ya karamu, upande wake uleule, na safari hii mimi ndiye niliyemtandikia.

Lakini Wartini, silali kwa sababu ya maneno yale. Baba alikuwa mzee, anakufa, ameona binti yake kasimama na bakuli, huenda alitunga ili anifariji. Wazee hufanya hivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia maneno, siwezi kujua alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida au la, kwangu mimi ilikuwa sauti ya Baba tu. Wewe ulikuwa pajani. Wewe peke yako ndiye uliyebaki duniani unayejua. Niambie, alikuwa anapiga kelele?

Usiniambie la kunifurahisha. Umeshanidanganya mara moja na nilijua.

Tuminah anarudi kwako Jumapili. Mwalimu amekubali afanye mtihani mwezi wa Agosti. Nilifikiri kumzuia, nisikufiche, na mpaka jana jioni nilikuwa bado nafikiri. Bado nakuonea wivu. Ukimtajia chochote juu ya namna ya kukunja mswala nitajua.

Ananifundisha ile nusu iliyobaki. Usiniulize nikianza kusali nitaelekea wapi, hilo ni langu na Mungu. Anafundisha na watoto watano wa majirani barazani, na mimi nakaa nyuma yao kwenye kigoda. Ni mkali! Jana alinirudisha mwanzo mara nne kwa sababu ya herufi moja ya kooni. Mara ya nne nikamwuliza, "Mama yako mdogo alichukua siku ngapi kuijua?"

Akaniambia, "Mama, soma."

Dada yako,
Ngatinah

*

Paramaribo
19 Juni 1968

Dada Ngatinah,

Assalaamu alaikum. Mtoto amefika salama na kapu la mihogo. Dasuki ameiona glasi ya maji imerudi dirishani, amepita bila kuigusa. Harsono amekaa na Tuminah jikoni saa nzima akimwuliza habari za kifo cha babu yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako ni gumu kwangu kuliko unavyodhani. Siku kumi nimelizunguka. Ningeweza kuandika kwamba sikumbuki, nilikuwa mtoto. Ungeniamini.

Nakumbuka vizuri sana. Mkono wake wa kulia ulikuwa unanishika kiunoni, na wa kushoto alikuwa anagongea ukutani, taratibu, kwa kila neno. Nilidhani anahesabu. Na ndiyo, dada, alikuwa anapiga kelele. Majirani walikuwa wanatutania. Mimi nilikuwa naziba sikio moja, lile la upande wake, na nilipomwuliza kwa nini anapiga kelele wakati niko hapahapa, akaniambia nirudie neno nisiulize.

Maisha yangu yote nimedhani ni kwa sababu nilikuwa mzito wa kuelewa. Jioni zile ndicho kitu nilichokuwa nacho peke yangu, cha Baba na mimi tu. Nimemsimulia Dasuki, nimemsimulia Harsono, nimemsimulia hata Tuminah.

Kumbe alikuwa anasema na wewe.

Wartini